Mahali Pasipopakwa Rangi

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Mumbua, Desemba 2022, jikoni kwao Kivaa, mamake akiwa ameenda kanisani.

Babake, Kaloki, alizama katika bwawa la Masinga. Mwili haukuonekana, mashua yake ya chuma tu ndiyo iliyopatikana. Syokau, mjane wake na mamake Mumbua, aliiburuta nchi kavu ili aihudumie kama mumewe alivyozoea kila kiangazi: kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kupangusa, kisha kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla jua halijatua. Sasa Mumbua ndiye angevusha abiria.

Adhuhuri moja, akiwa peke yake kando ya mashua, Syokau alinusa sabuni ya Kaloki. Kisha chuma kikagongwa kutoka ndani, na ndani hamkuwa na mtu.

"Syokau. Ni mimi."

Sauti ilipitia penye chuma kitupu tu. Akapaka mashua nzima, akabakisha mahali padogo kama kiganja.

"Mwaitu, umeruka hapa," Mumbua alimwambia mamake.

"Sijaruka. Wacha."

Kila adhuhuri akawa anaegemeza sikio pale. Waliongea habari za mbuzi, za mvua iliyokataa. Halafu sauti ikaanza kuomba: "Kwangua kidogo tena. Sikusikii." Akakwangua. Kutu ikarudi ikiwa mbichi, inanuka damu.

Mumbua alipoona, alipabonyeza kwa kidole. "Mwaitu, chuma kimeliwa nusu! Ikitoboka nikiwa na watu katikati ya maji?"

Akamwita mganga Kamanthe. Bibi huyo aliitazama mashua, akamgeukia Syokau.

"Kumbe umeolewa tena, na chuma?"

"Ni yeye, susu," Syokau alimjibu bibi huyo. "Anajua hata majina ya mbuzi."

"Jini la maji huazima sauti, mwanangu. Nijibu: Kaloki aliwahi kuacha chuma kilale uchi?"

"Hata siku moja," alinong'ona.

"Basi anayekuomba ukwangue ni nani? Mlango uliufungua wewe. Ufunge wewe."

Syokau alishika brashi ya rangi, na alipogusa chuma harufu ya sabuni ikamjaa puani, kuta za mashua zikagongwa pande zote mbili kwa ngumi nyingi kuliko za mtu mmoja, na katikati ya makelele hayo sauti ileile ya upole ikamsihi isiachwe gizani, ikamwita kwa jina alilopewa na Kaloki usiku wa harusi yao, jina ambalo hakuwahi kumwambia mtu, naye akapaka, akilia, akapaka hadi mwisho.

Kimya.

Aliegemeza shavu kwenye rangi mbichi, akasubiri.

Kamanthe amekufa. Mumbua yuko hai, na anavusha watu. Syokau yuko hai. Ukimuuliza kama ana hakika hakuwa mumewe, huinuka akatoka nje.