Bi Kwale na Cheko la Waisiko

Mvua ya Tarime ikiamua kunyesha siku ya soko, haimhurumii mwenye ndizi wala mwenye mitumba. Siku hiyo ilishuka ghafla. Watu wakajitwika mikungu yao, wakakimbilia barazani kwa dada Waisiko, fundi cherehani, maana baraza yake ndiyo pana kuliko zote upande ule wa soko. Waisiko akasogeza cherehani ndani, akakunja gauni la mteja lisilowe, kisha akainua macho. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, koti la ngozi limejaa vumbi jekundu la machimboni, buti nzito miguuni, simu sikioni. Hasemi neno. Anatabasamu peke yake kama mtu anayeonjeshwa asali.

"Kaka," Waisiko akamchokoza, "huyo dada yako hapumui? Tangu ufike hapa hujamjibu hata mara moja."

Yule mwanaume akashtuka. "Sio dada."

"Ni nani basi?"

"Ni shangazi."

"Mh! Shangazi wa kukuchekesha hivyo nami namtaka."

Watu wakazidi kujisukuma barazani, mkono wa yule mwanaume ukateleza, simu ikamtoka sikioni, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikasikika: "Ndipo Bi Kwale akamwambia Beberu, mwizi wa mwiko hajatoka kijijini, maana mwiko unanukia uji, na mimi harufu ya uji ninaisikia hapa hapa."

Akaizima upesi. Uso ukamwiva kwa haya. Akatazama kushoto na kulia kama kuna aliyesikia, lakini mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele, na aliyesikia alikuwa Waisiko peke yake.

Waisiko hakucheka. Aliinama kama anayetafuta sindano, akanong'ona, "Sasa mwiko aliuchukua nani?"

Yule mwanaume akamwangalia muda mrefu. "Sijafika huko."

"Ukifika, uje uniambie."

Basi mapenzi yao yalianza kwa mwiko. Jina lake lilikuwa Nashoni, mchimbaji mdogo wa Nyakunguru. Siku ya soko iliyofuata akarudi akiwa amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama, akajifanya ameleta suruali ya kupunguzwa. Suruali ilikuwa inamtosha vizuri tu.

"Ni Bata," akasema kabla hata ya salamu.

"Bata kafanya nini?"

"Ndiye aliyechukua mwiko. Aliona aibu kuuomba, kwa sababu wiki iliyopita aliazima chumvi akasahau kuirudisha."

Waisiko akacheka mpaka akasimamisha cherehani. "Maskini Bata! Akafanywaje?"

"Hakufanywa kitu. Bi Kwale alimpelekea uji."

Hadithi hizo zilikuwa za mama mmoja wa huko Serengeti, aliyekuwa akijirekodi kwenye simu, na watu wakatumiana simu kwa simu. Kijiji ni kimoja, na wenyeji wake ni wanyama wanaosema kama watu. Kuna Beberu mwenye kujua kila kitu na asiyejua chochote. Kuna Jogoo, na Bata, na Bi Kwale mwenyewe, mjane mdogo wa mwili, ambaye kitu kikipotea anaitwa yeye. Kinachopotea ni kijiko, ni jembe, ni kengele ya ng'ombe. Jioni kinapatikana, na aliyekichukua anapewa kigoda, anakaa na wenzake wanakula.

Wakawa kila jioni, chakula kikishaliwa, wanapigiana simu.

"Mama wa uzi, umesikiliza?"

"Nimesikiliza, mura, kijana wangu. Mimi namshuku Beberu."

"Wewe kila siku unamshuku Beberu!"

"Ana ndevu. Mwenye ndevu ana la kuficha."

"Mimi pia nina ndevu."

"Ndiyo maana wewe nakuchunguza zaidi."

Siku moja Waisiko akamwuliza kwa nini mtu mzima, mwanaume wa duara, anayeshuka kwa kamba kwenye shimo la dhahabu lisilo na mwisho, anapenda mambo ya kwale na bata. Kisha Nashoni akasema taratibu, "Unamkumbuka Thadeo, yule rafiki yangu niliyekusimulia? Duara lilipotitia tulimtafuta, tukamtambua kwa viatu. Kule kwetu kitu kikipotea, Waisiko, kimepotea. Watu wanaweza hata kuuana kwa ajili ya mfuko wa mawe. Sasa nikirudi nimechoka, nasikia kijiji kizima kimeacha kazi kinatafuta kijiko. Na wanakipata. Basi nalala." Akashusha sauti. "Usimwambie mtu. Kwetu mwanaume akishapita jandoni, hadithi za nyumba ya bibi amewaachia watoto. Wenzangu wakijua nimekwisha."

"Nitamwambia nani, kipenzi? Siri yako ni yangu."

Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Mdomo ni nyama, jamani.

Mambo yakaenda vizuri mpaka ikapangwa siku. Wazee wa Nashoni waende Ringwani, nyumbani kwa akina Waisiko, Jumamosi, wakazungumze habari ya ng'ombe wa mahari. Jumatano kabla ya hapo Nashoni akaja mjini kununua spika ndogo, amzawadie Waisiko, awe anasikiliza Bi Kwale huku akishona. Akaingia duka la Mseti, muuza redio, linalopakana na baraza ya Waisiko. Mseti akachukua simu ya Nashoni ajaribu spika. Lakini simu ile haikushika spika ndogo. Ilishika ile spika kubwa ya dukani, iliyowekwa nje kuita wateja, yenye sauti ya kufika stendi.

Soko zima likasikia: "Bata akalia kwaa, kwaa, akasema, Bi Kwale mpenzi wangu, niliogopa kuomba!"

Watu wakageuka. Na kwa bahati mbaya Nashoni hakuwa peke yake. Mlangoni walikuwa wenzake wa rika lake, waliotahiriwa naye mwaka mmoja, Heche akiwa mbele. Heche alikuwa mcheshi, na ucheshi wake ulikuwa na makali.

"Mura Nashoni! Hii simu ni ya nani?"

"Ni yangu," Nashoni akasema, akihangaika kuizima, vidole vimekuwa vizito.

"Yako? Kwaa, kwaa!" Heche akatembea kibata, makalio nje, na soko likalipuka kwa vicheko. "Jamani, tulipita naye jandoni huyu, kumbe sisi tulirudi yeye akabaki! Omorisia!"

Neno hilo kwa Wakurya si la mchezo. Omorisia ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa, na mwanaume akiitwa hivyo mbele ya watu ni kama amevuliwa nguo. Nashoni akasimama na ile spika ndogo mkononi. Akamtafuta Waisiko kwa macho.

Waisiko alikuwa amesimama kwenye cherehani, kitenge chake cha njano kimefungwa vizuri, futi shingoni, wateja wake wamemzunguka. Ile hadithi ya Bata ni yeye Waisiko aliyemtumia Nashoni tena jana yake.

"Shemeji!" Heche akamgeukia. "Wewe ulijua mumeo ananyonyeshwa na kwale?"

Macho yote yakamhamia Waisiko. Angeweza kusema, "Hata mimi nasikiliza." Yalikuwa maneno matatu tu. Lakini aliona meno ya watu, akaona na yeye atachekwa, akaogopa. Akacheka. Cheko refu, la juu, la kupigisha mikono mapajani, na juu yake akaongeza, "Mimi sijui habari hizo! Mimi naolewa na mwanaume, sio mtoto."

Soko likacheka upya. Nashoni aliiweka ile spika ndogo juu ya meza ya Mseti polepole, kama mtu anayelaza kitoto kichanga, akachukua simu yake, akapita katikati ya watu, akaenda zake.

Waisiko akarudi kwenye cherehani. Akakaa kushona, akashona mkono wa gauni mahali pa shingo.

Jioni akapiga simu. Ikaita, haikupokelewa. Alhamisi ikaita. Ijumaa ikakatwa. Akaandika ujumbe, akaufuta. Ataandika nini? Kila neno alilolipata lilikuwa dogo kuliko lile alilolisema sokoni.

Jumamosi, jua likielekea kutua, mama yake, Teresia, akapiga kutoka Ringwani.

"Waisiko, wageni wako wapi?"

"Mama..."

"Baba yako amevaa koti tangu asubuhi. Amekaa uani anaangalia njia. Nikimwambia aingie ale, anasema mgeni asije akamkuta mwenye nyumba anatafuna. Majirani wamepita mara ya tatu sasa, wanajifanya wanatafuta mbuzi. Kuna nini?"

Waisiko akalia, akamsimulia yote, hata lile cheko. Kwa mbali Waisiko alisikia baba yake akikohoa, kile kikohozi cha mtu asiyetaka kuuliza.

"Ulimcheka mbele ya rika lake?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe mwenyewe unazisikiliza hizo hadithi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, aibu uliyoimwaga sokoni huwezi kuizoa kwa simu."

Jumatatu Waisiko hakufungua kazi. Alivaa gauni lake la buluu lenye mikono mifupi, akafunga kitambaa kichwani, akapanda gari mpaka Nyamongo, kisha pikipiki mpaka Nyakunguru. Alifika mchana, jua la utosi. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya maturubai, wanaponda mawe kwa nyundo, ko, ko, ko, vumbi limewapaka nyusi. Karibu yao mama lishe anageuza ugali. Nashoni alikuwa mwisho kabisa, mgongo wazi unang'aa jasho. Alimwona. Akarudisha macho kwenye jiwe lake.

"Unamtafuta nani, dada?" mama lishe akauliza.

"Namtafuta Nashoni. Mimi ndiye niliyemcheka."

Nyundo zikapungua. Heche, ambaye naye alikuwa hapo, akainua kichwa na meno yake tayari. Waisiko alitamani ardhi ya Nyakunguru, ambayo ina mashimo mengi, impe hata moja aingie. Alikuwa amepanga maneno ya msamaha njia nzima, na sasa yote yalikuwa yametoroka. Likabaki moja tu. Akalisema kwa sauti ya kutetemeka.

"Hapo zamani, kwenye kijiji cha Bi Kwale, Jogoo aliamka akakuta uwanja wake umefagiliwa."

"Wee!" mama lishe akamkemea. "Hadithi mchana? Ng'ombe wa baba yako watapotea!"

"Wacha wapotee, mama," Waisiko akajibu. "Hata hivyo hakuna aliyekuja kuwaongezea wengine."

Mtu mmoja akacheka. Waisiko akaendelea. Akasema Jogoo alikuwa ameumwa koo, akiwika sauti inakatika, na siku moja alipowika vibaya kijiji kilimcheka. Jogoo akafunga mlango, akaacha kuwika. Tangu hapo kila asubuhi anakuta uwanja umefagiliwa vizuri, maji yametekwa, na hakuna nyayo. Akaitwa Bi Kwale. Beberu akasema ni upepo. Mbwa akasema ni mizimu ya mababu, akadai apewe mfupa awafukuze.

"Huyo Mbwa namjua," mzee mmoja akasema, na nyundo yake ikalala chini.

Nyundo zikalala moja baada ya nyingine. Ikabaki moja ya mwisho, ya Nashoni, ko, ko.

"Bi Kwale akakagua fagio za kijiji kizima," Waisiko akasema, "akakuta moja..." Hapo sauti ikamkatika. Akajaribu tena, haikutoka. Machozi yakamtangulia.

"Endelea, mama," mwanaume mwenye kifua kama pipa akamwomba. "Alikuwa nani?"

"Ni Beberu mwenyewe," mwingine akasema. "Aliyetaja upepo ana lake jambo."

"Beberu atashikaje fagio na kwato?" akauliza Heche, kisha akashtuka kwamba ameuliza.

Ile nyundo ya mwisho ikanyamaza.

"Ni Bata," Nashoni akasema bila kugeuka.

"Umejuaje?" yule mwenye kifua kama pipa akauliza.

"Ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Anafagia, anaogopa kupiga hodi."

Ugali ukaanza kuungua, mama lishe hakuusikia.

"Hodi," akasema Waisiko.

Nashoni aliinuka, akajifuta jasho kwa fulana, akaivaa, akaja mpaka mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu, labda vumbi.

"Mji mzima ulicheka," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mimi nilisikia cheko moja."

"Najua."

"Wewe ulijua habari ya Thadeo."

"Nilijua, Nashoni. Ndiyo maana siwezi kujitetea."

"Mura," Heche akasema pale alipokaa, sauti haina mzaha tena, "mtu amepiga hodi."

"Nimemsikia," Nashoni akasema. "Twende, nikusindikize."

Wakatembea kwenye njia ya vumbi kuelekea kijiweni. Hakumshika mkono. Waisiko hakuthubutu kuuomba. Habari za machimboni zina mbio, walipofika, waendesha pikipiki walikuwa wameshasikia, na mmoja aliyelala juu ya tangi akaita, "Omorisia! Kwaa, kwaa!" Wenzake wakaangua kicheko.

Waisiko akasimama. Uso ulikuwa unamwaka kama siku ile ya soko.

"Huyo unayemwita ni mume wangu," akasema kwa sauti ya kufika mbali. "Na hizo hadithi nazisikiliza mimi, zaidi yake. Una lingine?"

Yule mwendesha pikipiki akajifanya anakagua breki.

Wakaendelea kutembea. Baada ya hatua kadhaa Nashoni akasema, "Mume gani, na wazee hawajafika kwenu?"

"Kosa langu."

"Baba yako amekasirika?"

"Angekasirika ningepona. Ameona haya."

Nashoni akavuta pumzi ndefu. "Jumamosi," akasema. "Nitakwenda nao mimi mwenyewe, nimwombe radhi."

"Wewe? Mwenye kosa ni mimi!"

"Basi tutaomba wote wawili."

Waisiko akainamisha kichwa. Aibu ilikuwa bado ipo, nzito vile vile, wala hakujidanganya kwamba itaisha kesho. Lakini Nashoni alikuwa amepunguza hatua zake ndefu, ili yeye amfikie.