Hulda Asogeza Ukuta

Kila asubuhi Hulda aliamka na kisigino mdomoni. Kilikuwa cha mdogo wake Malachie. Katika nyumba yao ya Bulengera, mjini Butembo, watoto watatu walilala kitanda kimoja, na Malachie alipiga mpira hata usingizini.

Basi Baba aliposema wataongeza nyumba, Hulda aliruka kwa furaha. Fundi Josaphat alikuja, akapigilia vijiti nyuma ya nyumba na kufunga kamba. Huku chumba cha Hulda peke yake, kule jiko la Mama. Msingi ungechimbwa kesho yake.

Lakini binadamu hatosheki! Hulda alikitazama chumba chake, akakiona kidogo. Wakubwa walipotoka kumsindikiza fundi, aling'oa vijiti akavisogeza upande wa jiko. Kidogo tu. Halafu kidogo tena.

Asubuhi Mama alitoka na sufuria na mwiko.

"Fundi, ngoja kwanza. Najaribu jiko yangu mbele ya kuchimba."

Aliinama katikati ya kamba, akaanza kusonga bugali isiyokuwepo. Sehemu yake ya kukalia ikasukuma kamba, kijiti kikang'oka.

"Mama amebomoa ukuta!" Malachie alipiga kelele.

Mama aligeuka. Ukuta wa pili nao chini! Fundi alikuna kichwa.

"Miaka yote napika mu mvua," Mama alisema kwa huzuni, "kumbe jiko yenyewe ni ya panya?"

Baba aliingia katika chumba cha Hulda, akapima kwa miguu. "Mais lakini hii iko kubwa sana! Donc basi batoto wote balale humu. Chumba yao ya zamani itakuwa jiko."

"Na kitanda yetu!" Malachie alishangilia, akajilaza chini na kurusha mguu.

Hulda alikiona kisigino kile, machozi yakamtoka. "Baba, hapana! Ni mimi nilisogeza vijiti. Mama, unisamehe."

Mama alicheka mpaka kitenge kikalegea. Baba hakucheka. Alimpa Hulda vijiti avirudishe mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "ukitaka nafasi, sema, tupange pamoja. Ukimuminya mama yako mu jiko, njaa itakuuma wewe wa kwanza."

Hulda alibeba mawe ya msingi bila kunung'unika. Nyumba ilipokwisha, chumba chake kilikuwa kidogo kweli. Asubuhi ya kwanza aliamka, akajipapasa mdomo. Hapakuwa na kisigino. Jikoni Mama alikuwa akiimba, akisonga bugali, na kuta zote zilikuwa zimesimama.