Wifi wa Darasa Zima

Katika nyumba ya fundi saa hakuna aliyejua ni saa ngapi. Saa za wateja zilijaa ukutani, kabatini na juu ya meza ya chakula. Moja ilisema asubuhi, nyingine ilisema adhuhuri, na ile kubwa ya mbao ilikuwa imeganda usiku tangu iletwe. Nyingine zote zililia tik-tik, kila moja kwa mwendo wake. Mtu akiamka mapema aliweza kudhani kwamba mvua ndogo inanyesha ndani ya nyumba.

Watu watatu waliishi humo. Wa kwanza ni fundi mwenyewe, mtu mpole ambaye hakuamka vizuri mpaka anywe chai. Wa pili ni mke wake. Alikuwa amemaliza shahada, na sasa chuo kikuu kilikuwa kimempa kazi ya mwalimu msaidizi katika somo la hali ya hewa. Wa tatu ni dada mdogo wa fundi, mtoto wa mwisho kwao, ambaye wote walimwita Kitinda. Yeye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo hichohicho.

Wanawake hao wawili walipendana sana. Walisukana nywele, walibadilishana viatu, na walimteta fundi huku amekaa hapohapo.

"Wifi," alisema Kitinda, "kaka amevaa shati ndani nje tena."

"Mwache. Akifika dukani wateja watamwambia."

"Nawasikia," alisema fundi, akitafuta sukari. Kisha akamgeukia mkewe. "Hivi mwalimu msaidizi anasaidia nini hasa? Anambebea mhadhiri mkoba?"

"Hapana, bwana! Mhadhiri anafundisha darasa kubwa. Mimi nitawaongoza wanafunzi wachache wachache wajadili somo. Pia nitasahihisha kazi zao."

"Na mengine?"

Mkewe alimsogezea sukari. Mengine hakuyajua. Siku ya maelekezo kwa walimu wapya, Mratibu wa walimu wasaidizi alizungumza kwa muda mrefu. Lakini nje ya dirisha wingu moja jeupe lilikuwa linapita polepole, likibadilika umbo. Mke wa fundi alilifuata kwa macho mpaka likaisha. Maelezo nayo yakawa yamekwisha.

Asubuhi hiyo wifi wawili walitoka pamoja chini ya mwavuli mmoja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Watu waliotangulia walionekana nusu, kisha wakapotea.

"Siku moja nitafanya kazi kituo cha hali ya hewa," alisema Kitinda. "Nitawaambia watu mvua itanyesha lini, na itanyesha kweli."

Hiyo ndiyo ndoto aliyokuwa nayo tangu utotoni. Ili aifikie, ilikuwa lazima afaulu somo hili, na kundi alilopangiwa lilikuwa la wifi yake.

Darasani kulikuwa na madirisha marefu. Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga. Mwalimu mpya alisimama mbele, akatazama nyuso zile, na maneno yote yakamtoka kichwani. Alitazama vumbi likishuka. Wanafunzi walimtazama yeye. Kitinda alimwonea huruma, akanyoosha mkono.

"Wifi, tuanze na ukurasa gani?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, na woga wote ukayeyuka. Somo likaenda vizuri. Lakini jina lile halikutoka tena. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi alimwita Wifi.

Mwanzoni aliona raha. Nani hapendi kupendwa? Walimpigia simu akiwa jikoni. Walibisha hodi nyumbani jioni.

"Wifi, niongezee siku mbili, kazi yangu haijaisha," aliomba kijana mmoja aliyeitwa Kofia, maana hakuivua hata darasani.

"Haya, chukua."

"Wifi, yule rafiki yangu amepata ngapi?"

"Amekuzidi kidogo tu."

Hakujua kwamba siku za ziada hazikuwa zake kutoa. Hakujua kwamba alama za mtu ni siri ya mtu. Alijibu tu, kwa moyo mweupe, kama mtu anayegawa matunda ya shambani kwake.

Kisha zikaja insha za kwanza. Alizisahihisha mchana mmoja wa mvua, karibu na dirisha. Katikati ya rundo akakutana na mwandiko anaoujua. Kitinda alikuwa ameandika kuhusu ukungu. Alieleza jinsi ardhi inavyopoa alfajiri, jinsi hewa iliyo juu yake inavyopoa nayo, na jinsi mvuke unavyogeuka matone madogo yasiyo na haraka ya kuanguka. Kila jambo lilikuwa sahihi. Mwalimu alipomaliza kusoma, alijiona amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yao, kabla jua halijatoka, na miguu yake haionekani. Alijisikia fahari mpaka machozi yakamlengalenga.

Mara woga ukamwingia. "Nikimpa alama hizi, watasema nimempendelea."

Akachukua kalamu, akapunguza alama. Akazitazama, akapunguza tena. Akaweka insha chini ya rundo, wala hakumwambia mtu. Moyoni alijiambia kwamba ametenda haki.

Lakini insha ziliporudishwa, hata baada ya kupunguzwa, alama za Kitinda zilikuwa miongoni mwa zile za juu. Siku ya pili yake, mtu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAPA ALAMA HUTOKA KWA WIFI.

Kati ya walimu, mhadhiri aliingia wa kwanza. Alikuwa mzee mrefu mwenye miwani mizito. Akasoma ubao, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni kweli kabisa," alisema. "Siku hizi bila waifai mtu hasomi. Nitawaambia wahusika waiongeze nguvu."

Darasa lilipasuka. Wengine walilala juu ya madawati kwa kicheko. Mhadhiri alitabasamu, akidhani ametoa mzaha mzuri. Mwalimu msaidizi alisimama mlangoni, uso ukiwaka moto. Kitinda alikusanya vitu vyake, akapita bila kumtazama mtu, akatoka.

Alasiri hiyo mwalimu alimkuta nyumbani, amekaa kati ya saa za kaka yake.

"Ninaacha somo hili," alisema Kitinda.

"Na kituo cha hali ya hewa je?"

"Kituo gani, wifi? Hata nikipata mia kwa mia, watasema ni za wifi. Nimeandika mwenyewe. Niliamka alfajiri kuutazama ule ukungu, nikapata mafua. Nani ataamini?"

Saa ziliendelea kulia, kila moja na lake.

Kesho yake mwalimu alikwenda kwa Mratibu. Mratibu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alikuwa anamwagilia maua ya dirishani. Mwalimu alisimulia habari yote ya jina, ya nyumbani na ya ubaoni.

"Kwa hiyo ulimpa alama asizostahili?" aliuliza Mratibu.

"Hapana, mama. Nilimpunguzia."

Mratibu aliweka kopo la maji chini. "Ulimpunguzia?"

"Ili watu wasiseme."

"Na wamesema?"

"Wamesema."

"Basi umemdhulumu mtoto wa watu, na maneno umeyapata vilevile. Hasara pande zote!"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mratibu alivuta kiti karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Kuwa na ndugu darasani si dhambi. Ila unasema mapema, siku ya kwanza kabisa, na kazi yake inasahihishwa na mtu mwingine. Ukimpendelea, umewaonea wenzake. Ukimkazia, umemwonea yeye. Wewe huwezi kujua umesimama wapi, maana unampenda. Haya niliyasema siku ya maelekezo. Wewe ulikuwa unatazama dirishani."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nikasema moyoni, yule binti yuko mawinguni." Mratibu alicheka, na mwalimu akacheka kidogo huku akifuta macho. "Sasa niambie. Wewe ni msaidizi wa nani?"

"Wa mhadhiri?"

"Unamsaidia mhadhiri kufundisha. Unamsaidia mwanafunzi kuelewa. Ila kwenye alama humsaidii mtu. Unafuata mwongozo wa kusahihisha, na kila mtu anapata alichofanyia kazi. Je, wanakuja kwako nyumbani?"

"Wanakuja. Hata wakati wa kula."

"Panga saa za kuonana nao, hapa ofisini, mlango ukiwa wazi. Anayetaka siku za ziada, mpeleke kwa mhadhiri, yeye ndiye mwenye uamuzi. Alama za mtu zizungumzie na mwenyewe tu. Na ukikwama, uje uulize. Umeajiriwa juzi tu, nani anategemea ujue kila kitu?"

"Nimechelewa, mama?"

"Umechelewa kidogo. Twende sasa hivi, tusichelewe zaidi."

Walikwenda kwa mhadhiri. Aliposikia habari alivua miwani.

"Kumbe wifi ni wewe!" alisema. "Nami nimeshawaambia mafundi wa mtandao!" Alicheka mpaka akashika meza. Kisha uso wake ukawa mzito. "Lakini huyo msichana ameumia. Tutarekebisha."

Aliamua insha za kundi lote zisahihishwe upya na mwalimu msaidizi mwingine, majina yakiwa yamefunikwa. Kitinda alihamishiwa kundi jingine. Akakubali kujaribu mara moja tu, akisema wakimteta tena hatarudi.

Mwalimu naye alirudi darasani kwake. Safari hii hakutazama vumbi wala mawingu. Aliwatazama wanafunzi.

"Nilifanya makosa," alisema. "Nilikuwa na ndugu hapa, nikasahihisha kazi yake bila kumwambia mkuu wangu. Niligawa muda usio wangu. Nilitaja alama za watu. Hayo yamekwisha. Mwenye swali atanikuta ofisini, saa za kuonana nimezibandika mlangoni."

"Sasa tukuite nani?" aliuliza Kofia.

"Mwalimu."

"Na zile siku zangu mbili?"

"Nenda kwa mhadhiri ukamweleze. Na kofia uivue."

Walicheka, lakini Kofia aliivua.

Insha zilirudi. Kitinda alifika nyumbani na yake, akaiweka mezani kati ya saa mbili zilizofunguliwa. Alama zake zilikuwa zimepanda sana. Alizitazama, kisha akamtazama mke wa kaka yake.

"Wifi. Huyu aliyesahihisha upya hanijui hata kwa sura. Wewe ulinipunguzia?"

"Nilikupunguzia."

"Kwa makusudi?"

"Kwa woga. Nilitaka watu wanione mimi ni mtu wa haki. Nikakunyima yako. Nisamehe."

Kitinda alikunywa chai yake yote. Fundi aliinama juu ya saa yake kama mtu asiyekuwepo. Mwalimu alisubiri, mikono mapajani, na alihuzunika sana.

"Na ukungu wangu," alisema Kitinda mwishowe, "uliupenda?"

"Niliposoma niliona ngazi zetu za nyuma, alfajiri. Sikuiona miguu yangu. Nilitaka kulia."

Kitinda aligeuzageuza kikombe kitupu. "Hilo ndilo nililotaka uniambie. Alama wangenipa wengine."

Kisha akasogeza kiti, akamwekea kichwa begani. Fundi akapenga kamasi kwa sauti kubwa, akasema ni vumbi la saa.

Asubuhi ukungu ulishuka tena. Wifi wawili walitembea chini ya mwavuli wao, wakicheka habari ya shati la fundi. Walipofika kwenye lango la chuo, Kitinda alisimama, akatoka chini ya mwavuli, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Mwalimu alifunga mwavuli, akasimama vizuri.

"Marahaba," aliitika.

Wakaingia, kila mmoja akaelekea darasani kwake.