Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Noela

Madoa ndiyo yaliyoanza. Kila Evaresta alipofua shuka la binti yake, Noela, alikuta madoa meusi ya utomvu wa mgomba, yale yasiyotoka kwa sabuni ya aina yoyote. Na msichana hakuwa amekanyaga shambani tangu arudi.

Noela alitekwa akitoka mnadani Kyerwa, juu ya bodaboda. Walimtafuta hadi wakachoka, ndugu wakaanza kunong'ona kwamba asipozikwa atawasumbua. Basi baba yake, Ndyamukama, mtu wa haraka huyo, akakata mgomba, akauvika gauni la binti, wakauzika nyuma ya nyumba kama wafanyiwavyo marehemu wasiopatikana. Evaresta alikataa, akalia, nani alimsikiliza? Msiba ulipoisha, Noela akaingia uani amevaa gauni lile lile. Kijiji kizima cha Kituntu kilishangilia, na hakuna aliyeuliza habari za gauni.

Hakuongea. Mchungaji akaleta kitabu cha mwanamke aliyetekwa, akatoroka na kupona; mchungaji akamshauri mama amsomee binti taratibu, apate moyo. Evaresta akawa anamsomea mchana, wakishaanika kahawa. Kwenye kurasa za kupona Noela alisinzia. Kwenye kurasa za chumba chenye kufuli, alimofungiwa yule mwanamke, alikaa wima, mate yakimjaa mdomoni, na siku moja akafumbua kinywa.

"Mama, rudia pale anapolia."

Mtoto ameongea, angefanyaje? Akarudia. Akarudia kesho yake na keshokutwa, na harufu ya mgomba uliooza ikazidi mle chumbani hadi mbuzi wakagoma kupita karibu na dirisha, na ndipo alipotambua kwamba msichana ananong'ona pamoja naye, tena akimtangulia, akitaja vitu ambavyo havimo kabisa kitabuni: kamba ya katani, dirisha lililozibwa kwa bati, na msichana mwenye kovu la moto gotini, anayeita mama, mama, mama Evaresta.

Kovu lile alilijua. Noela alilipata utotoni, alipoangukia mafiga. Akanyoosha mkono, akafunua goti la huyu aliyekaa mbele yake. Lilikuwa laini, halina kitu.

Ndyamukama alipoambiwa, alimleta mganga, mzee Akankwasa wa Bweranyange. Mzee hakuvuka kizingiti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wamezika jina la mtu aliye hai, na jini limeliokota, nalo linajilisha kilio cha mwenye jina. Wafukue mgomba, wauchome, litaondoka leo hii.

"Likiondoka, nani ataniambia mwanangu yuko wapi?" Evaresta akauliza.

Evaresta akachukua panga, akasimama juu ya kaburi, akaapa kwamba atakayegusa udongo ule atamkata. Mumewe alimwona hatanii. Mzee akafukuzwa, akashika njia kurudi kwake.

Mama akaingia chumbani, akapiga magoti. Jini likamwahidi: akiisoma sura yote ya chumba, litamtajia mahali. Akasoma mpaka koo likakauka, bila kuruka kilio hata kimoja, akijichukia kwa kila neno.

"Niambie sasa," akanong'ona. "Yuko wapi?"

Kile kitu kikajifuta mate, kikamtazama kwa upole wa mtoto wake.

"Alikuita mpaka ulipomfukuza mzee, Mama. Sasa ameacha."