Askari Aliyenyimwa Koti

Jumapili Torkel Rydell alimpaka askari wake mdogo wa kuchezea, wa madini ya risasi, koti la buluu lenye ncha za manjano. Jumatatu asubuhi alilikuta koti ni la kijivu, na meza nzima inanuka sufu iliyolowa na baruti.

"Gunvor, umegusa askari wangu?"

"Niguse vidoli vyako, nina wazimu?" mkewe alijibu, amejikunyata ndani ya sweta. "Washa hita, mume wangu. Baridi gani hii?"

Hita ilikuwa inawaka tangu alfajiri.

Torkel hakujali, maana alikuwa na maradhi yake mengine: Sixten Ahlgren. Miaka sita mfululizo Sixten alishinda shindano la chama chao cha michezo ya vita pale mjini Lund. Watu waliinamia askari wake, wakahesabu vichupa vya baruti vinavyoning'inia kifuani, wakasema mkono ule ni wa dhahabu. Kwenye meza ya Torkel waliegesha vikombe vya kahawa. Kijicho kilimla mpaka akafanya lililokatazwa chamani: aliokota risasi za kale ambazo jembe la trekta huzifukua nyuma ya nyumba yake, palipopiganwa vita vya karne ya kumi na saba, akaziyeyusha, akasubu kikosi kizima. Wote akawapaka buluu, kwa kuwa waamuzi wanapenda buluu, ingawa alijua fika kwamba vijana wengi walitolewa mashambani wakafa na nguo zao za kijivu za nyumbani, bila kupewa koti la jeshi.

Jumanne walichujuka watatu, Jumatano kumi. Torkel akawapaka upya, na kila alipoosha brashi, Gunvor alizidi kutetemeka.

Alhamisi Sixten alipita na maandazi ya mdalasini. Alimwinua askari mmoja, akamnusa, akamrudisha upesi.

"Hizi risasi umeziokota shambani?" alinong'ona.

"Inakuhusu?"

"Hii ilitoka ndani ya mtu, ndugu yangu. Kafa kwa baridi na jeraha, hana koti, nawe unakaa mbele yake unawavisha vidoli! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazifukie zote leo. Huoni midomo ya mkeo ilivyo buluu?"

Gunvor alikuwa ndani ya mablanketi mawili. "Torkel, nakuomba," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mtu ananishika-shika mabega, kama fundi cherehani ananipima."

Torkel alimwonea mkewe huruma, kweli, lakini wivu ulikuwa na nguvu zaidi.

"Shindano la Jumamosi likipita," alisema. Kisha akamgeukia Sixten: "Unaogopa kushindwa, sema tu."

Jumamosi alishinda. Sixten mwenyewe alimpigia makofi, na utamu wa makofi yale Torkel alirudi nao mpaka getini, ambako harufu ya sufu ilimpokea, ikamfuata ukumbini, ikazidi kila alipomwita mkewe na asiitikiwe, hata akamkuta amesimama dirishani bila blanketi, mashavu yamemwiva kwa joto, akiivuta polepole ngozi ya mkono wake kuelekea vidoleni, kama mtu anayenyoosha mkono wa koti jipya.

"Gunvor?"

Aligeuka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana wa kiume.

"Asante, bwana," ilisema. "Hili limenienea."