Santuri Inayosikiliza

Mlango wa chumba cha kulala uliacha kulia, na hapo ndipo Mama Kasuku alipoanza kumshuku mumewe.

Mlango ule ulikuwa ukilia tangu walipohamia. Ulitoa mlio mrefu wa kukera, kama mbuzi anayeburutwa, na yeye alishauzoea kama alivyozoea kikohozi chake mwenyewe. Sasa ulifunguka kimya. Akainama kukagua bawaba. Zilikuwa kavu, zina kutu, hazina hata tone la mafuta. Hata hivyo machale yakamcheza, maana mwanamume anayenyamazisha mlango wa chumbani kwake lazima ana safari zake.

"Baba Kasuku, umeutia mafuta mlango wa chumbani?"

"Mimi na mafuta wapi na wapi?"

Hilo lilikuwa kweli. Bwana huyo alikuwa mpiga chapa, na nyumbani hakugusa bisibisi ila kwa ajili ya gramafoni yake. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni santuri za jazi huru, ule muziki ambao wapigaji huingia bila kukubaliana wimbo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake na kumjibu papo hapo mpaka wachoke. Yeye alisema hakuna muziki wa kweli kuushinda huo. Mkewe alisema ni watu wanaoshusha kabati ngazini huku wanagombana. Chumba kilichokuwa kiwe cha wageni kilijaa santuri hadi darini, na wageni walilala sebuleni. Wagonjwa wenzake walikuwepo pia, wa kwanza wao akiwa daktari mmoja wa meno ambaye watu wote walimwita Meno tu. Wagonjwa hao walirekodiana kanda na kupeana kama majirani wanavyopeana chumvi.

Wiki hiyo alikuwa amerudi na santuri mpya. Aliipata kwa mjane wa mpiga klarineti, kwenye nyumba iliyokuwa inahamwa. Haikuwa na jina, wala picha, wala namba ya kiwanda. Ilikuwa ndani ya shuka, na shuka lenyewe lilikuwa limeshonwa kuizunguka pande zote.

Mama Kasuku alikuwa fundi cherehani. Kabla mumewe hajalifumua shuka lile, alilichukua akalitazama. Lilishonwa kwa mkono, mishono midogo iliyobanana, uzi umerudiwa, mafundo mawili kila pembe.

"Mtu hashoni hivi kitu anachotaka kukitumia tena," alisema. "Mjane alikwambiaje?"

"Hakusema neno. Alinionyesha kwa vidole tu. Bubu, maskini."

"Marehemu alioa bubu?"

"Mke wangu, nilifuata santuri. Sikufuata habari za posa."

Wakacheka, akalifumua.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kujifungia. Akitoka kazini, hata chai hanywi, moja kwa moja chumbani kwa santuri. Akitoka humo uso unang'aa, na mkewe, ambaye bado alikuwa na ule mlango moyoni, alimtazama kwa jicho la pembe. Jioni moja alipita na kapu la nguo akasikia pumzi ndani. Hazikuwa pumzi za mumewe, maana za mumewe anazijua. Hizi zilikuwa za mtu anayejizuia asisikike. Hasira zikampanda hadi utosini, akausukuma mlango kwa bega.

Mumewe alikuwa peke yake, ameinama mbele ya spika, penseli mkononi, akigonga meza. Aligonga, akanyamaza, na ndani ya spika kitu kikamgongea. Aligonga tena kwa namna nyingine, nacho kikamjibu. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Nani yumo humu?"

"Nani awemo? Njoo usikie, Mama Kasuku. Santuri hii haijirudii! Naipiga leo inalia hivi, naipiga kesho inalia vile. Maisha yangu yote natafuta kitu kama hiki."

"Santuri ni plastiki. Itabadilikaje?"

"Ndiyo maana nakwambia!"

Furaha yake ilimtisha kuliko vile ambavyo mwanamke angemtisha. Mwanamke angemfukuza kwa ufagio, mambo yakaisha.

Baada ya hapo kifuniko cha birika kikanyamaza. Maji yalichemka, kifuniko kikarukaruka kwenye mvuke, kimya. Kisha bomba la jikoni likawa linadondoka bila kusikika. Akajishuku masikio. Lakini wauza magazeti aliwasikia barabarani, na jirani alimsikia ng'ambo ya ukuta akimkaripia mumewe, neno kwa neno. Masikio yalikuwa mazima. Ni nyumba iliyokuwa inapungua.

Siku cherehani ilipokwenda bila sauti, alikuwa anapinda sketi ya mteja. Alikanyaga, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, kitambaa kikasogea, na hapakuwa na chochote. Akaondoa mguu. Wakati huohuo akasikia, kutoka chumba cha santuri, nyuma ya saksafoni iliyokuwa ikikoroma, cherehani. Si cherehani yoyote tu, ila yake, yenye mkanda uliolegea unaopiga "tka" kila mzunguko, ule mkanda aliokuwa akiahirisha kuubadilisha tangu mwaka jana. Akaenda akainua mkono wa gramafoni kwa nguvu, sindano ikakwaruza.

"Utaiharibu!" mumewe alipiga kelele.

"Hiyo ni cherehani yangu."

"Ni ngoma. Mpigaji ametumia..."

"Baba Kasuku, nitazame. Mlango, birika, bomba, sasa cherehani. Kitu chako kinakusanya. Kitoe ndani ya nyumba yangu."

Mumewe akamtazama. Alijua. Mkewe aliliona hilo usoni mwake na likamuuma, kwamba mwenzake alikuwa ameshajua na akaendelea kusikiliza.

"Nitaitoa," alisema kwa sauti ya chini. "Jumamosi naipeleka."

Hakuipeleka. Aliihamishia nyuma ya zile zingine, na mkewe alipotoka kwenda sokoni aliitoa akaipiga. Wala hakuwa peke yake. Alimkaribisha binti yao.

Kasuku ni jina alilopewa na jirani, kwa sababu mtoto yule alikuwa anaongea tangu anafumbua macho. Aliongea na kijiko, aliongea na viatu, aliongea usingizini. Darasa la pili tu, lakini mwalimu wake alishamhamisha kiti mara nyingi hata akaishiwa viti. Mama yake alimwambia kila siku apumzishe mdomo, na baadaye maneno hayo yalimrudia yakamchoma.

Siku moja Mama Kasuku alirudi kutoka sokoni mchana, akaweka kikapu jikoni, na mtoto akaingia anakimbia. Alikuwa amejikata kidole na mfuniko wa kopo. Damu ilimtiririka hadi kiwikoni, machozi yalimtoka, mdomo aliufungua wote hadi kidakatonge kikaonekana, kifua kilipanda na kushuka, mishipa ya shingo ilimsimama kama ya mtu anayelia kwa nguvu zake zote, na haikutoka sauti, hata mkwaruzo, hata pumzi, na mama yake alipomkumbatia na kumwambia lia mwanangu, lia tu, akiwa bado anadhani ni mshtuko, kilio kikaanza chumba cha pili, kilio cha mtoto aliyejikata kidole, kinapanda, kinakatika, kinaita mama, mama, huku nyuma yake mtu akigonga taratibu kana kwamba anambembeleza.

Hospitalini walimmulika koo wakasema ni safi kabisa. Pengine ameogopa kitu, walisema, ataongea akitulia. Hakuongea. Alipoona mama yake analia, alimfuta machozi kwa kiganja na kusogeza midomo, na mama hakujua alichosema.

Mganga aliletwa na jirani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, kiziwi tangu utotoni kwa homa, na aliongea kwa sauti kubwa kama mtu wa simu mbovu. Alisoma maneno midomoni. Hakutaka kuelezwa mengi. Aliamuru santuri ipigwe, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kwenye spika na kufumba macho. Mama Kasuku alisimama mlangoni akimshikilia binti yake, asitake kusikia na akisikia. Spika ilikuwa inacheka kicheko cha Kasuku.

"Huyu hana sauti yake," mganga alisema. "Jini bila sauti. Anaazima, harudishi. Nani alimjibu?"

Baba Kasuku akatazama penseli yake mezani.

"Nimeuliza nani alimjibu! Haji mahali asipojibiwa."

"Mimi," Baba Kasuku alisema. "Niligonga meza. Ndivyo muziki huu ulivyo. Mwenzako akipiga, unamjibu."

"Basi ulimkubali awe mwenzako." Akafumbua macho. "Itapigwa hadi mwisho, ndipo nitaivunja. Kila alichochukua kitarudi kwa mwenyewe. Lakini avunjwe kila mahali alipo. Ziko ngapi?"

"Moja tu."

Mganga aliitazama midomo yake. "Sema tena."

"Ni hiyo moja tu. Haina ya pili duniani."

Mama Kasuku naye alikuwa akimtazama. Alimjua mumewe akisema kweli na akisema nusu. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwake, na alitaka sana imalizike, kwa hiyo akatia maji mdomoni.

Sindano ilifika katikati ikaanza kuzunguka bure. Mganga akaiondoa santuri, akasoma maneno yake huku mvuke mzito wa ile harufu ya nywele ukiwapalia wote, kisha akaipiga gotini. Ilipasuka vipande vitatu. Palepale, mlango wa chumbani ukalia. Hakuna aliyeugusa, ulilia tu, mlio ule ule wa kukera, na jikoni kifuniko kikagonga birika, bomba likadondoka, cherehani ikatoa "tka" moja ikatulia. Mama Kasuku akacheka huku analia. Akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Sema, mwanangu. Sema lolote."

Mtoto akasogeza midomo.

"Sema kwa nguvu, mama."

Midomo ikasogea tena. Mganga akaja, akamwekea vidole viwili kooni, akangoja. Kisha akamgeukia mwanamume.

"Hakuna kinachotetemeka humu. Nilikuuliza ziko ngapi."

Baba Kasuku alikaa chini sakafuni, kati ya vipande.

"Nilirekodi kanda," alisema. "Siku ile aliyojikata, usiku sikulala, nikaipiga taratibu. Upande mzima ulikuwa yeye. Hapakuwa na saksafoni, hapakuwa na mlango wala cherehani, ni yeye tu anaongea. Nikaogopa ikivunjwa na yeye atavunjika nayo. Nilitaka awepo mahali, Mama Kasuku. Nilitaka tu awepo mahali."

"Na mbona hukusema?"

Akaokota kipande kimoja cha santuri. Mkewe aliijua nusu iliyobaki. Mtu wa santuri hawezi kuona kitu cha pekee kikipotea, hata kiwe nini.

"Iko wapi hiyo kanda?"

"Kwa Meno."

"Umempa Meno mwanangu!"

"Nilimwambia aitunze. Nilimwambia tu asikilize, aniambie kama..."

"Toka!" alimfokea. "Kailete! Kimbia!"

Akatoka mbio hata viatu hakuvaa. Mganga alifunga vipande vya santuri kwenye kitambaa, akaketi kusubiri kanda, uso wake kama mlango uliofungwa. Mama Kasuku alimpakata binti yake, ukubwa wote ule, kama mtoto mchanga. Kutoka pale hadi kwa daktari wa meno si mbali. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Simu ikaita.

"Shemeji!" Alikuwa Meno, furaha tele. "Yupo mwenzangu?"

"Yuko njiani anakuja kwako. Nakuomba sana, shemeji, ile kanda usiipige. Izime. Ivunje sasa hivi."

"Nivunje?" Akacheka. "Umechelewa, shemeji yangu. Kitu kama kile mtu anakaa nacho peke yake? Nimeiweka mtandaoni, kwenye kundi letu, tangu juzi. Wenzetu wote wameishusha, wameisambaza, nchi ambazo hata sizijui. Wananiandikia kutwa. Kila mmoja anasema kwake inalia tofauti! Na kuna bwana mmoja anaijibu kwa tarumbeta, na mtoto anamjibu."

Mama Kasuku akamkumbatia binti yake kwa mkono uliobaki.

"Hebu sikia hapa," Meno alisema. "Sehemu hii jana haikuwepo, nakuapia."

Akasogeza simu kwenye spika. Kulikuwa na mkwaruzo kidogo, na kwa mbali watu wengi wakigonga, kila mmoja na mapigo yake, kama nyumba yenye milango mingi. Kisha ikaja sauti karibu kabisa, ya mtoto aliyechoka kuongea na watu asiowajua.

"Mama, nifungulie. Huku tuko wengi, na kila mtu anataka niongee."

"Kasuku," mama yake alisema ndani ya simu. "Kasuku, niko hapa."

Mapajani mwake binti yake aliinua uso aliposikia jina lake, akatabasamu kidogo, akamvuta mkono wa gauni kutaka kujua ni nani anayepiga simu.