Ukijani Chini ya Gome

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa miti ya bustani, na uchawi kwake ulikuwa kichekesho. "Mchawi wa mti ni maji yaliyotuama," alizoea kusema, halafu anacheka peke yake. Mti ukianza kukauka kutoka ncha za matawi, alikwangua gome kwa ukucha. Akiona ukijani chini yake, tawi lina uhai. Akiona kahawia, anakata kurudi nyuma mpaka afike penye ukijani.

Asubuhi moja nilimsindikiza kwa mama mmoja mjane. Miti yake sita, ya miaka ishirini, ilikuwa ikikauka tangu mumewe azikwe. Baba mdogo alichunguza udongo, akatafuta mdudu, akatafuta ukungu. Hakuna kitu. Akafukua shina la kwanza. Mzizi ulikuwa umekabwa na kitambaa kilichochanwa kwenye shati la kiume, kifungo bado kinaning'inia.

"Alifunga mwenyewe kabla hajafa," mjane alinong'ona. "Alisema hataki kwenda peke yake. Usikate, baba. Fungua taratibu."

"Mama, kinachokaba mzizi hukatwa." Akafukua na mashina mengine, akavikata vitambaa vyote sita kwa kisu.

Wiki iliyofuata miti ilichipua. Baba mdogo hakwenda kuitazama. Ncha za vidole vya mkono wake wa kulia zilikuwa zimekauka, ngumu, kahawia. Hospitali walipima damu, wasione ugonjwa. Ukavu ukapanda pingili moja. Kisha ya pili. Mkono ule ndio uliokuwa ukilisha nyumba yake, na kila alipouficha mfukoni roho iliniuma.

Jumapili mchana mama mdogo alinipigia simu analia tu. Nikakimbia. Nilimkuta baba mdogo uani, msumeno wa kupogolea kaubana kwa magoti, anaunoa kwa mkono wa kushoto.

"Nikwangulie," alininong'oneza. "Nijue nikate wapi."

Niliogopa. Lakini nilitaka aone damu yake, akumbuke kwamba yeye ni mtu. Nikakwangua juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale ukavu ulipokuwa umefikia.

Damu haikutoka. Chini ya ngozi palikuwa na ukijani, mbichi, wenye majimaji.

Akatabasamu. "Hapo hapo," akasema.

Msumeno nilimnyang'anya, nikautupa juu ya paa. Tangu siku ile nimenawa kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga. Ukijani ulioingia chini ya ukucha wangu hautoki. Na leo asubuhi nimeshika sufuria ya moto kwa kidole hicho. Sikusikia kitu.